Zahanati ya Siku Moja

Diwani wetu nimemshonea nguo tangu hajawa diwani, wakati huo akiuza vipuri vya baiskeli na kiuno chake kikiingia kwenye inchi thelathini bila kuhema. Siku hizi ni arobaini na mbili, na bado ananiomba nimwachie kitambaa cha akiba kwenye mshono wa nyuma. Watu wengine wa kata yetu wakitaka kujua maendeleo yamefika wapi husubiri taarifa ya utekelezaji. Mimi hufungua daftari langu la vipimo.

Zamani akiingia kibandani kwangu alikuwa akisema, "Shikamoo, dada," nami namwitikia marahaba, maana nimemzidi miaka kama minane. Wiki aliyoapishwa aliingia akasema, "Habari yako, mama," akatanua mikono apimwe. Nikampima. Sikujua kwamba kiapo cha udiwani humwongezea mtu umri, lakini yapo mengi ambayo fundi cherehani hafundishwi.

Mara zote mbili alizogombea alipita bila kupingwa. Mara ya kwanza alitokea mwalimu mstaafu, Mhaya mmoja mpole, akachukua fomu kwa chama kingine. Aliijaza kwa mwandiko wa ubaoni, akaipeleka, akakuta ofisi imefungwa kwa sababu mhusika ameenda msibani, na aliyekufa hakujulikana. Mara ya pili alijitokeza kijana mmoja anayeuza dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki. Yeye ofisi aliikuta wazi, ila fomu yake ikaonekana ina kasoro, na kasoro yenyewe ikawa siri ya ofisi. Basi siku ya kuchagua diwani sisi tulikaa nyumbani tukifua nguo. Tukaambiwa hiyo ndiyo amani, na kweli hata mbwa hakubweka.

Baraza la madiwani lote, kuanzia kiti cha mbele mpaka cha karibu na mlango, ni la chama hicho hicho. Wote huvaa kitambaa kimoja siku za sherehe, na sita kati yao nimewashonea mimi. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani najifanya mgeni katika mambo haya. Kitambaa kile ndicho kilichomsomesha binti yangu, na binti yangu ndiye aliyenifanya nianze kuuliza maswali.

Mtaa wetu uko juu ya miamba. Ziwa tunaliona lote, mpaka visiwa, lakini maji ya bomba tunayaona kwa bahati. Kushuka hadi barabara kubwa kuna njia ya mawe, halafu kutoka hapo hadi hospitali ni mwendo wa kumtosha mtu mzima kufa. Mimba ya kwanza ya binti yangu ilifika siku zake mchana wa mvua. Mume wake ni fundi wa injini za mitumbwi, hukaa visiwani wiki kwa wiki, kwa hiyo tulikuwa wawili tu. Bajaji hazikupanda kwa sababu ya utelezi. Tulipanda bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Mtoto alitoka kabla hatujafika nusu ya safari. Alikuwa wa kiume. Nilimfunga kwenye kanga yangu, na binti yangu akawa ananiuliza mbona halii, nami nikamjibu kwamba amelala. Nilisema hivyo mpaka hospitalini. Sijawahi kusema uongo mzito kama ule, na nilikuja kukasirika sana nilipoona wengine wanausema wa namna hiyo huku wamekaa kwenye viti vya kuzunguka.

Na wakati huo wote, juu kidogo ya nyumba yangu, mwendo wa kumaliza kutafuna kipande cha muwa, lilikuwapo boma la zahanati. Tulilijenga wenyewe. Wanawake tulibeba mchanga kwa ndoo na kugonga kokoto, wanaume wakachanganya zege, na kila nyumba ilikuwa na zamu yake. Tulifika kwenye linta, juu ya madirisha. Hapo tukaambiwa tupumzike, wananchi tumefanya sehemu yetu, halmashauri itamalizia paa, milango, vifaa na wahudumu. Tukapumzika. Tulipumzika mpaka mpapai ukaota kwenye chumba cha kujifungulia, ukazaa, tukala mapapai yake. Yalikuwa matamu, siwezi kuyasema vibaya.

Binti yangu aliposhika mimba ya pili, nilijiapiza kwamba mtoto huyu hatazaliwa kwenye pikipiki. Nikaanza na mwenyekiti wa mtaa, mzee mmoja mchangamfu ambaye hajawahi kumjibu mtu vibaya, wala hajawahi kumjibu.

"Mwenyekiti, ile zahanati itaezekwa lini?"

"Mama fundi, lile suala lipo kwenye mchakato."

"Mchakato unaisha lini?"

"Ukiisha tutatangaziana."

Mchakato ni nyumba kubwa. Jambo likishaingizwa humo, hata aliyelizaa halioni tena. Nikamfuata diwani. Yeye alinifurahia sana. Akaniambia tayari amelipeleka swali la zahanati kwenye baraza, litaulizwa kikao kijacho, na kwamba kikao ni cha wazi, mwananchi yeyote anaruhusiwa kuingia kusikiliza. "Njoo usikie kwa masikio yako," alisema. Nilimshukuru, na shati lake la siku ile nililimaliza kabla ya wakati.

Nilikwenda nimevaa vizuri, na ushungi wangu wa Idi. Tulikuwa wananchi wanne nyuma ya ukumbi, na kati yetu wawili walikuwa wamefuata kivuli. Kitu nisichokijua, ambacho mama anayeuza chai pale nje alinieleza huku akinimiminia kikombe, ni kwamba kikao cha kweli kilikuwa kimefanyika jana yake. Jana yake madiwani walikutana peke yao kama watu wa chama. Huko ndiko walikobishana, wakapatana, wakapanga nani aulize nini, ajibiwe nini, nani ashukuru, na nani aseme hoja iungwe mkono. Leo wanakuja kusoma tu.

"Zamani wapinzani walipokuwemo walikuwa wanapiga kelele mpaka saa kumi," alisema mama wa chai. "Biashara ilikuwa nzuri. Siku hizi wanamaliza hata maandazi hayajapoa."

Maswali yalipangwa mawili. La kwanza lilikuwa la diwani wa kata nyingine, la machinjio yaliyokuwa yakijengwa kwake. La pili lilikuwa la diwani wetu, la zahanati. Sasa yule wa machinjio akachelewa. Gari lake liliharibika njiani, na mwenyekiti wa baraza, asipoteze muda, akamwita wetu atangulie. Diwani wetu akasimama, akakoholea ngumi, akauliza kwa sauti ya kuwaonea huruma wananchi wake, kwamba zahanati ya mtaa wetu itakamilika lini ili kina mama wapate huduma.

Aliyepangiwa kujibu alisimama na karatasi yake ya kwanza, kama walivyokubaliana jana. Akasoma bila kuinua macho. "Mheshimiwa Mwenyekiti, ujenzi umekamilika kwa kiwango cha kuridhisha. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wanahudumiwa humo kila siku kwa kuzingatia usafi, na damu inaelekezwa kwenye shimo maalumu."

Madiwani wakagonga meza. Nilisubiri mmoja acheke. Nilisubiri hata yule mwandishi wa vikao ainue kalamu. Diwani wetu akasimama tena na kusema, "Nashukuru kwa majibu mazuri. Wananchi wangu wamesikia, wengine wapo hapa ukumbini." Akageuka akanipungia mkono.

Baadaye yule mwenye gari bovu akaingia akijifuta jasho, akaitwa, akauliza habari za machinjio yake. Akajibiwa kwamba jengo limekamilika, limekabidhiwa kwa wananchi na wamelipokea kwa furaha, kina mama wanajifungua salama, na watoto wanapimwa uzito kila Jumatano. Naye akashukuru. Meza zikagongwa. Watu wazima wale, na wengine kati yao ni walimu wa sekondari!

Hapo ndipo nilipoelewa, na damu ilinipanda. Si kwa sababu ya ng'ombe. Ni kwa sababu ukiyaondoa makosa ya karatasi kupishana, jibu letu lilikuwa lile la pili: zahanati imekamilika, imekabidhiwa, kina mama wanajifungua salama. Nilisimama. Nilisema kwa sauti niliyorithi kwa mama yangu, aliyekuwa akiita watoto kutoka kilima cha pili, "Hakuna zahanati pale! Pana mpapai!"

Mwenyekiti wa baraza alinitazama kwa upole mkubwa. "Mgeni haruhusiwi kuzungumza," alisema.

Mgeni! Baba yangu alizaliwa Mwanza, akashona Mwanza, akazikwa Mwanza. Mgambo wawili walinishika mikono na kunitoa, na kwa kweli walinitoa kwa adabu, kwa sababu mmoja wao suruali aliyovaa nilimpunguzia mimi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa. Nilimuuliza ni nani aliyepokea zahanati ambayo haina paa. Hakukasirika. Alifungua kabati, akatoa faili, akanionyesha muhtasari wa mkutano wa mtaa, umepigwa muhuri vizuri. Uliandikwa kwamba wananchi kwa kauli moja wameipokea zahanati yao na wanaishukuru halmashauri. Nyuma yake zimebanwa karatasi za majina na sahihi. Wa tisa nilikuwa mimi. Mwandiko wangu, na kile kikonyo ninachokiweka mwishoni.

Kwetu ndivyo tunavyofanya mikutano, na hakuna aliyewahi kuona ubaya. Ukifika, kabla hujakaa, unaletewa karatasi tupu isiyo na kichwa cha habari. Unaandika jina, unatia sahihi, unampasia jirani. Huo ndio uungwana, ni sawa na kunawa kabla ya kula. Mkutano ule niliukumbuka vizuri. Tuliitwa kuzungumzia mbwa wanaozurura. Tulizungumza mbwa saa nzima, tukatawanyika, na majina yetu yakabaki mezani, na wenye nayo wakayatafutia kazi nyingine.

"Lakini mwenyekiti, huu ulikuwa mkutano wa mbwa."

"Na ya mbwa yamo," alisema, akanionyesha kwa kidole. Kweli yalikuwemo, chini kabisa, kwenye mengineyo.

Nilifika nyumbani nikalia. Binti yangu alikuwa amekaa barazani ananyoosha miguu iliyovimba, akaniuliza wamesemaje. Nikamwambia wamesema imekamilika. Alicheka mpaka akashika tumbo, na tangu siku hiyo hakuniuliza tena habari za zahanati.

Diwani alikuja baada ya wiki, kupimwa suti. Wengine wangejificha, yeye alikuja na soda. Nilimzungushia futi kiunoni nikaikaza kidogo kuliko inavyotakiwa.

"Mheshimiwa, kwa nini mmesema uongo?"

"Mama, polepole." Alishusha pumzi. "Ngoja nikueleze kama ndugu. Yule aliyeandika mwaka ule kwamba imekamilika ni mwenzetu, na siku hizi ameshapandishwa cheo. Mimi nikisimama leo niseme haijakamilika, maana yake namwita mwongo. Namwita mwongo mbele ya nani? Mbele ya wenzetu. Ni nyumba moja ile, mama. Watu wa nyumba moja hawavuani nguo."

"Na sisi je?"

"Ninyi pia ni wa nyumba hiyo hiyo," alisema, na nadhani alidhani ananifariji. "Kura zenu ndizo zilizotuweka."

"Kura gani, mheshimiwa? Sisi tulikuwa tunafua."

Alicheka kwa dhati. Tatizo la mtu yule ni kwamba si katili. Angekuwa katili ningemchukia nikalala usingizi wangu. Lakini ni mcheshi, akifiwa mtu anafika msibani wa kwanza, anabeba jeneza mwenyewe. Kitu pekee asichoweza ni kumuuliza swali mtu aliyevaa kitambaa kama chake, na sasa hakuna mwingine wa kuuliza.

Wiki chache baadaye mtaa uliingiwa na wazimu. Habari ya zahanati yetu nzuri ilikuwa imesomwa huko juu, ikapendwa, na mkubwa mmoja akataka kuja kuiona kwa macho. Tulipewa siku tisa. Miaka yote ile ya mchakato, kumbe mchakato wenyewe ni siku tisa! Lori lilileta mabati alfajiri. Mafundi walipaua wakiimba. Mpapai ulikatwa, na nilisikitika. Ukuta wa mbele, unaotazama njia, ulipakwa rangi nyeupe na bluu, ule wa nyuma ukaachwa na tofali zake, kwa kuwa mkubwa hangezunguka nyuma. Kitanda cha kujifungulia kiliazimwa kwenye kituo cha afya cha kata nyingine, pamoja na mzani, mabenchi, na nesi mmoja.

Mapazia na mashuka nilishona mimi. Diwani aliniomba, nami nikakubali. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilikubali, na jibu ninalojipa ni kwamba nilidhani paa likishapanda halishuki, na labda na vingine vingesahaulika humo ndani. Nilishona pazia la chumba kile kwa kitambaa kizito, kana kwamba kitakaa.

Hata wagonjwa waliandaliwa. Kina mama wa chama waliambiwa wafike saa mbili, wakae kwenye mabenchi, na wenye kikohozi cha kweli wakae mbele. Jirani yangu, mwanamke mwenye afya kama trekta, alipewa kadi na kuambiwa ana presha. Alirudi nyumbani ana wasiwasi kweli.

Siku ya ugeni, saa tatu asubuhi, uchungu wa binti yangu ukaanza. Ulikuwa umewahi, na ulikuja kwa kasi ile ile ya kwanza. Nilimpigia dereva wa bajaji niliyekuwa nimemwandaa tangu mwezi uliopita. Akaniambia, "Mama, siwezi kupanda. Barabara imefungwa, msafara wa mgeni unapita, mgambo wanachukua funguo." Nikampigia wa bodaboda, jibu lile lile. Binti yangu alinishika mkono, akaniangalia, na wote wawili tulikuwa tunawaza mvua ile.

"Inuka," nikamwambia. "Twende zahanati."

Mlangoni mwenyekiti wa mtaa, kwenye suti niliyoshona mimi, alitanua mikono. "Mama fundi, siyo leo! Leo kuna mgeni!"

"Mwenyekiti, hii ni zahanati au siyo zahanati?"

Kina mama wa kwenye mabenchi wakageuka wote. Ndipo yule nesi wa kuazimwa akatoka ndani. Alikuwa mama wa makamo, Mkerewe wa Nansio, mfupi, viatu vya raba. Alimtazama binti yangu mara moja tu.

"Mlitaka nesi," alimwambia mwenyekiti, "mmepata nesi. Pisha."

Alikuwa na glovu zake mwenyewe kwenye mkoba, na wembe mpya, na vibanio vya kitovu, na chupa ya dawa. Nilimuuliza baadaye ilikuwaje akaja na vitu vile kwenye maonyesho. Akasema amefanya kazi miaka mingi na hajawahi kuambiwa ukweli kuhusu mahali anapopelekwa, kwa hiyo hubeba vyake. Maji ya moto yalitoka nyumbani kwangu kwenye chupa mbili za chai. Pazia zito lilishushwa. Kwa nje tulisikia magari, vigelegele, halafu hotuba ya diwani akimweleza mkubwa kwamba kituo hiki ni kimbilio la wanyonge. Binti yangu alipiga kelele moja ndefu katikati ya neno "kimbilio". Kukawa kimya. Halafu mtoto akalia.

Alilia! Nilikaa chini sakafuni, sementi bado mbichi ikaniachia alama kwenye gauni. Ni wa kike, mweusi mzuri, ana nywele mpaka shingoni. Nilimwambia binti yangu, "Analia, unamsikia? Analia," nikarudia mpaka nesi akaniambia ninyamaze nimpe kanga.

Nje watu waliingiwa na wazimu wa furaha. Mkubwa alipiga makofi, akasema amejionea huduma zikitolewa mubashara, akaomba mtoto apewe jina lake, halafu akaambiwa ni wa kike. Alikaa dakika ishirini, akaondoka na msafara wake, na barabara ikafunguliwa.

Lori la kukusanya vitu lilifika saa saba. Vijana walibeba mabenchi, wakabeba mzani, wakabeba na stendi ya dripu iliyokuwa haina dripu. Walipofika kwenye kitanda, nesi alisimama mlangoni. "Hiki kina mzazi," alisema. Dereva akasema ameambiwa arudi navyo vyote kabla ya jioni. "Basi subiri jioni." Wakakaa kivulini wakala karanga. Saa kumi nesi alimkagua binti yangu, akaridhika, akamwandikia kadi ya kliniki, na kwenye mahali pa kuzaliwa akaandika jina la zahanati yetu kwa wino. Tulimshusha mzazi kwenye mkeka. Kitanda kilipakiwa kikiwa bado na unyevunyevu, na nesi akapanda lori akaketi pembeni yake, kwa kuwa naye alikuwa ameandikwa kwenye orodha ya vitu vya kurudisha. Nilimpungia mpaka wakakata kona. Kesho yake mwenyekiti alifunga kufuli.

Mwezi mmoja na nusu baadaye uliitwa mkutano wa mtaa. Niliamua kwenda na kusema. Nilijiandaa siku tatu, nikishona huku nikijisemea: kitanda kimeondoka, nesi ameondoka, kufuli lipo, tumerudi kwenye pikipiki. Nilikuwa nimepanga maneno vizuri, mafupi, ya kuuma.

Sikuhitaji kunyoosha kidole. Diwani mwenyewe aliniita. Alisoma taarifa ya utekelezaji, akafika kwenye afya, akaikunja karatasi. "Wapo wanaosema zahanati haifanyi kazi," alisema kwenye kipaza sauti. "Mimi sibishani na mtu. Shahidi ninaye hapa. Mama fundi, pita mbele. Waambie wananchi, mwanao alijifungulia wapi?"

Akaniwekea kipaza sauti mdomoni. Watu wote walinitazama. Binti yangu alikuwa mstari wa pili, mtoto ananyonya.

"Zahanati," nikasema.

"Zahanati ipi?"

"Hii ya kwetu. Lakini..."

Vigelegele vilipanda, na kipaza sauti kilikuwa kimeshafika kwa mwenyekiti, aliyekuwa akitaja ajenda inayofuata. Ningeweza kupiga kelele. Kwenye baraza nilipiga, na kule walikuwa wakubwa. Hapa sikupiga. Nasema kwa aibu kwamba nilimwona mjukuu wangu anavyonyonya, mashavu yanakwenda, na moyoni nilikuwa na shukrani kwa watu wale, shukrani ya kweli kabisa, nikarudi kukaa. Diwani alinitikisia kichwa kwa upendo. Nilimtikisia na mimi.

Mkutano ulipokwisha nilifuatwa na mwanamke kijana nisiyemjua. Tumbo lake lilikuwa linaonekana chini ya kitenge. Alisema wamehamia mwezi huo huo kutoka Magu, mume wake amepata kazi ya kupasua mawe, na hapa hawana ndugu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi natarajia mwezi wa kumi. Nilikuwa nataka kukuuliza, pale zahanati wanapokea muda wote, au mpaka jioni?"

Nilimshika mkono nikamvuta pembeni. Nilimweleza yote, kwa haraka na kwa sauti ya chini, kitanda, nesi, lori, kufuli. Nilimwambia atafute dereva wa bajaji kuanzia leo, amzoee, achukue namba yake, na wiki za mwisho kama ana hata mtu wa kanisani kwao anayekaa karibu na hospitali, aende akalale huko. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaitazama zahanati na ukuta wake mweupe na bluu, akanitazama mimi, akautoa mkono wake taratibu kwenye wangu.

"Lakini mama," alisema, "si wewe umesema pale mbele? Sote tumekusikia."